Simba Nje ya Kizimba

Je, unaweza kumtazama simba bila vyuma kati yako na yeye?

Carl Hagenbeck alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1844. Baba yake aliuza samaki. Carl alifanya biashara ya wanyama wa porini. Siku hizo simba na chui walifungwa katika vizimba vidogo. Hagenbeck alipima simba anaruka umbali gani. Kisha akachimba handaki pana zaidi ya hapo. Mwaka 1907 akafungua bustani ya wanyama. Watu wakamwona simba akitembea mahali pa wazi.

Lakini tusisahau. Mtu huyo huyo aliwaonyesha hata binadamu kwa kiingilio. Alimhurumia simba, akamdhalilisha mtu. Alikufa mwaka 1913.

Wewe unaonaje? Zungumzeni darasani.