Hezekia Mbele ya Mataifa Makubwa

Aghalabu Hezekia, mfalme wa Yuda, hukumbukwa kwa kuisafisha dini ya taifa lake. Alipaondoa mahali pa juu pa kuabudia, akaivunja hata ile nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa, kwa kuwa watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, naona kwamba imani yake ilipimwa zaidi mbele ya wajumbe wa mataifa mengine kuliko hekaluni.

Alirithi mzigo. Babake, Ahazi, alipotishwa na Shamu na Israeli, alijiweka chini ya Ashuru na kulipa kwa fedha na dhahabu ya hekalu. Takriban mwaka 722 K.K. Waashuri hao hao wakauteka Samaria, mji mkuu wa Israeli. Sargoni wa Pili alipouawa vitani mwaka 705 K.K., Hezekia alikataa kutoa kodi, huku washauri wake wakiitazamia Misri. Nabii Isaya aliupinga vikali mwegemeo huo. Kwake, kumkimbia bwana mmoja wa kigeni na kujificha nyuma ya mwingine hakukuwa imani hata kidogo.

Mwaka 701 K.K. Senakeribu akaja. Kumbukumbu zake zadai kwamba alitwaa miji 46 yenye maboma, na michoro ya mawe inayoonyesha kuanguka kwa Lakishi ingali London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Hezekia aliomba radhi. Alitozwa talanta 30 za dhahabu na, kwa mujibu wa Biblia, talanta 300 za fedha. Senakeribu ataja 800. Ilimbidi mfalme abandue dhahabu ya milango ya hekalu lile lile alilolitakasa. Wahubiri wengi hupita hapa mbio mbio.

Fedha haikutosha. Amiri wa Ashuru alisimama nje ya Yerusalemu na kuhutubu kwa Kiebrania, lugha ya wenyeji. Maofisa wa Hezekia, Eliakimu, Shebna na Yoa, walimsihi azungumze Kiaramu, lugha ya mabalozi wakati huo, ili watu waliokuwa juu ya ukuta wasielewe. Amiri alikataa, akapaza sauti zaidi. Mimi ni mwanaisimu, na kila nisomapo kisa hiki hushtuka kuona kwamba adui, kwa nia mbaya, ndiye aliyewaambia raia habari za hatima yao kwa lugha yao, ilhali viongozi wao walitaka zibaki baina ya wasomi. Mtu aweza kuwatetea: hofu huangusha mji kabla ya mshale. Lakini waliokuwa ukutani ndio ambao wangekufa kwa njaa na kiu. Walikaa kimya, kama mfalme alivyoamuru, wala mji haukufunguliwa.

Yerusalemu haukutekwa. Biblia yasema malaika wa Bwana aliliangamiza jeshi. Senakeribu naye, kwa majigambo yake yote, hadai kuuteka. Maji ya mji yalikuwa yameingizwa ndani kupitia mfereji wenye urefu wa takriban mita 533, uliochimbwa mwambani kutoka pande mbili. Maandishi yaliyogunduliwa humo mwaka 1880 yaeleza jinsi wachimbaji walivyokutana. Hayamtaji mfalme.

Wajumbe wa Babeli walipomjia baada ya ugonjwa wake, Hezekia aliwafungulia hazina yote na ghala la silaha. Wataalamu wengi huiweka ziara hiyo kabla ya uvamizi wa Senakeribu, Babeli ikitafuta washirika dhidi ya Ashuru. Isaya alimwonya kwamba yote hayo yangechukuliwa Babeli, pamoja na baadhi ya wanawe. Mfalme aliridhika, maadamu amani ingedumu siku zake. Hapo simwelewi, baada ya yote aliyoyaona.

Alitawala miaka 29. Mwanawe, Manase, alirithi kiti akiwa na umri wa miaka 12, na kumbukumbu za Ashuru zamtaja miongoni mwa wafalme walioamrishwa kupeleka vifaa vya kujengea kasri la Ninawi.