Bazalgette, Mhandisi Aliyeyapangisha Majitaka Foleni

Ukikaa hosteli unajua: kuanzia saa 12 mpaka saa 2 asubuhi kila bafu lina mtu na kila choo kina foleni. Saa 5 kimya. Saa 8 usiku hata tone husikii. Sasa jiulize, bomba linalopokea yote hayo lijengwe kwa kipimo gani? Ukichukua maji ya siku nzima ukayagawa kwa 24, utapata wastani mzuri wa kwenye karatasi, na asubuhi bomba litafurika. Mtu aliyelichukulia swali hili kwa uzito kuliko wengi wa zama zake aliitwa Joseph Bazalgette.

Alizaliwa mwaka 1819 huko Enfield, kaskazini mwa London. Ujanani alijifunza kazi chini ya mhandisi John Macneill, akashughulika na kukausha ardhi yenye maji kule Ireland. Alipofungua ofisi yake mwenyewe, kazi za reli zilimwelemea hadi afya yake ikaanguka mwaka 1847. Akapumzika, kisha mwaka 1849 akaajiriwa na tume iliyosimamia mifereji ya majitaka ya London. Mwaka 1856 ilipoundwa Metropolitan Board of Works, yeye ndiye akawa mhandisi mkuu.

Hali ilikuwa mbaya, bwana. Vyoo vya kuvuta maji vilikuwa vimeenea, na vinyesi viliingia kwenye mifereji iliyokusudiwa maji ya mvua, vikaishia mto Thames. Mto huohuo uliwapa wengi maji ya kunywa. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuua maelfu. Kiangazi cha 1858 joto likapanda, mto ukanuka vibaya, na kwa kuwa Bunge limejengwa ukingoni pake, safari hii wabunge nao waliipata. Mpango uliozungushwa kwa miaka ukapitishwa ndani ya wiki chache tu.

Bazalgette alibuni mifereji mikubwa ya matofali, kama kilomita 130, inayokwenda sambamba na mto na kuyadaka majitaka kabla hayajaufikia, kisha kuyapeleka mashariki mwa jiji. Lakini utamu uko kwenye hesabu yake. Yeye hakugawa kwa 24. Alichukulia kwamba nusu ya majitaka ya siku hupita ndani ya muda wa saa 6 tu. Saa 6 ni robo ya siku. Nusu ya mzigo ndani ya robo ya muda maana yake ni mara mbili ya wastani. Juu yake akaongeza mvua ya milimita kama 6 kwa siku, na idadi ya watu kubwa kuliko iliyokuwepo wakati ule. Mvua kubwa kuliko hiyo, ziada ingemwagika Thames. Alijua hilo, akalikubali kwa sababu ya gharama.

Tatizo la pili lilikuwa bahari. Thames hujaa na kupwa. Ukimwaga uchafu maji yanapojaa, unarudishwa mjini. Kwa hiyo pale Crossness, kusini mwa mto, na Beckton, kaskazini, akajenga mabwawa makubwa yaliyofunikwa. Majitaka yalifika kwa nyakati zake, yakasubiri humo, yakaachiwa maji yakianza kupwa. Mitambo ya mvuke ya Crossness ilizinduliwa mwaka 1865.

Mwaka uliofuata kipindupindu kikarudi, kikaangamiza zaidi mashariki mwa London, sehemu ambayo mfumo wake ulikuwa haujakamilika. Uchungu wa tukio hilo ndio uliowaonyesha watu thamani ya kazi yenyewe.

Mwaka 1875 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Ila tusimfanye malaika. Bwawa lake lilibadilisha saa ya kumwaga, halikusafisha kitu. Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa na kuzama karibu na sehemu hizo za kumwagia, muda mfupi baada ya majitaka kuachiwa. Zaidi ya watu 600 walikufa. Chanzo kilikuwa kugongana, lakini hali ya maji yale haikuweza tena kufichwa. Miaka iliyofuata London ikaanza kutenganisha tope na maji kwa kemikali, na tope likapelekwa baharini kwa meli. Bazalgette alistaafu mwaka 1889, akafariki 1891.

Leo mitambo mingi ya kusafisha majitaka ina tangi la kusawazisha: hupokea wimbi la asubuhi, kisha hulitoa polepole mchana kutwa. Kuna sababu ya ziada siku hizi. Bakteria wanaokula uchafu ni viumbe hai. Maji yakija kwa kishindo husombwa, na ukiwapoteza, mtambo hukaa siku nyingi ukitoa maji machafu. Na ile ziada ya mvua aliyoikubali Bazalgette? London imelazimika kuchimba handaki la kilomita 25 chini ya Thames ili kuidaka.

Kwa hiyo, wanauhandisi wenzangu, tukipewa swali la kubuni mfumo, tusikimbilie wastani. Tuulize kwanza saa gani mzigo wote unakuja, na ukizidi unamwagikia kwa nani.