Kabla ya Simba Elsa: Joy Adamson Alivyochora Sura za Babu Zetu

Taja Joy Adamson mbele ya wasee na wote watakuambia stori ya simba. Sawa, lakini kabla ya simba huyu mama alikuwa na brashi mkononi, na hapo ndipo deni letu kwake lilipo.

Alizaliwa Januari 20, 1910, mji wa Opava, ambao siku hizi uko Jamhuri ya Czech. Jina lake lilikuwa Friederike Gessner. Mwaka 1937 meli ilimshusha hapa Mombasa. Mumewe alikuwa Myahudi, Wanazi walikuwa wanakaribia, kwa hivyo akatumwa aangalie kama Kenya panakalika. Kumbe ndani ya meli alishakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, Bally akamuoa, akambandika jina Joy na kumsukuma achore maua. Maua hayo yakamletea medali ya dhahabu London mwaka 1947.

Wakati huo alishaolewa mara ya tatu, na George Adamson. Halafu serikali ya mkoloni ikampa kazi: zunguka Kenya, chora watu wakiwa na mavazi yao ya asili kabla hayajapotea. Cheki hiyo maajabu! Mkoloni anavuruga maisha ya watu, kisha analipa mtu ayaweke kumbukumbu. Joy alizunguka kwa miaka, mpaka huku Pwani kwa Waswahili na Wagiriama. Picha zilipita 600.

Mwaka 1956 George alimuua simba jike, akarudi na watoto wake watatu. Mmoja ndiye Elsa. Kitabu cha Born Free kikatoka 1960, filamu 1966, na Joy akawa staa wa dunia. Chapaa nyingi ya vitabu aliirudisha kwa wanyama. Na watu je? Hapo alikuwa moto, kugombana na wafanyakazi halikuwa jambo geni. Januari 3, 1980 aliuawa Shaba. Kwanza ilisemekana ni simba. Baadaye mahakama ikampata na hatia kijana aliyewahi kumfanyia kazi.

Elsa ana kaburi lake Meru, watalii wanaenda kumwona. Babu zetu waliosimama wakachorwa wako Makumbusho ya Nairobi. Wewe wa Tudor ukipanda SGR wikendi, pitia hapo. Huenda ukakutana na pua yako ukutani.