Mama Daktari katika Mizani ya Historia

Katika maeneo ya Subukia na Ol Kalou, jina la Dkt Anne Spoerry halistahili kusahauliwa. Alizaliwa Cannes, Ufaransa, mwaka wa 1918, akaja Kenya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akawa daktari na mkulima. Alijifunza urubani akiwa na umri wa makamo, na mwaka wa 1964 akajiunga na AMREF. Kwa zaidi ya miaka 30 aliirusha ndege yake hadi Lamu, Marsabit na Turkana, akitibu wagonjwa na kuchanja watoto pasipokuwa na hospitali. Wenyeji wakamwita Mama Daktari. Alifariki mwaka wa 1999.

Lakini alikuwa na siri. Alipofungwa na Wanazi katika kambi ya Ravensbrück, wafungwa wenzake walimshutumu kwa kuwatesa wanawake wagonjwa. Tuhuma hizo zilimfuata hadi Ufaransa, akaihama.

Je, wema wa baadaye hufuta uovu wa awali? Haufuti, wala uovu huo haubatilishi uhai wa watoto aliowachanja. Mwalimu na aifundishe kurasa zote mbili, mwanafunzi apime mwenyewe. Historia iliyofichwa nusu haimwelimishi mtu.