Alfred Binet na Mtoto Anayechelewa Darasani

Alfred Binet alizaliwa Nice, mji ambao leo uko Ufaransa, tarehe 8 Julai 1857. Alisomea sheria, akaiacha. Elimunafsi alijifundisha mwenyewe katika maktaba ya taifa mjini Paris. Ingawa hakuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanachuo atakayefundisha Mwazye, au kijiji kingine chochote cha Ufipa, ana mengi ya kujifunza kutokana na maisha yake.

Watoto wa kwanza aliowachunguza ni binti zake wawili. Mwaka 1890 alieleza jinsi alivyompa binti mmoja, ambaye hakujua kuhesabu, mafungu mawili ya vipande ayalinganishe. Vipande vilipolingana ukubwa, mtoto alilitambua vizuri fungu lenye vingi. Vilipotofautiana, alichagua fungu lililotanda zaidi, hata kama idadi yake ilikuwa ndogo. Tukiweka punje 15 za mahindi kando ya punje 18 za ulezi tutaliona jambo hilo hilo. Mtoto anayesema mahindi ndiyo mengi hajapungukiwa na akili: anapima kwa jicho kile ambacho sisi tunakipima kwa hesabu. Akilazimishwa kukariri namba kabla hajaivuka hatua hiyo, atazitamka bila kujua zinahesabu nini.

Mwaka 1894 Binet na Victor Henri waliwasomea watoto wa shule sentensi, wakawataka waandike walichokumbuka. Mara nyingi maneno yalibadilika, maana ikabaki. Hapa ndipo panapotuhusu zaidi. Mtoto aliyelelewa katika Kifipa aweza kusoma ukurasa mzima wa Kiswahili bila kukwama, kwani maneno yetu hutamkwa kama yanavyoandikwa, na asielewe habari yenyewe. Mwenzake husoma kwa kusitasita, kisha akasimulia kisa chote kwa maneno yake mwenyewe. Mara ngapi wa kwanza hupewa vema, na wa pili akaambiwa arudie!

Sheria ya mwaka 1882 ilikuwa imewalazimu watoto wote wa Ufaransa kusoma, na wengine walibaki nyuma. Mwaka 1904 serikali iliunda tume kuhusu watoto hao, Binet akiwa mjumbe. Mwaka 1905 yeye na daktari Théodore Simon walitoa kipimo chenye majaribio 30. Mwaka 1908 waliyapanga kwa umri. Katika shule ya mtaa wa Grange-aux-Belles, Paris, alifanya kazi na mkuu wa shule, Victor Vaney, aliyetunga kipimo cha kusoma na hesabu. Ngazi zake za kusoma zilianzia mtoto anayekwama kwenye silabi hadi anayesoma kwa hisia. Kwa maoni yetu ngazi hizo zina kasoro: zinausikiliza ulimi kuliko ufahamu.

Binet alitaka pia macho ya watoto yapimwe shuleni. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 alipinga vikali dhana kwamba akili ni kiasi kisichoongezeka. Katika madarasa ya watoto waliochelewa, mazoezi yalianza na michezo: kukaa tuli kama sanamu, kubeba vyombo vilivyojaa maji bila kumwaga. Umakini ulitangulia, masomo yakafuata.

Alifariki Paris tarehe 18 Oktoba 1911. Mwaka 1916 Lewis Terman alitoa toleo la Marekani la kipimo hicho, na huko kikatumiwa kuwatangaza watu kuwa wamezaliwa wapungufu, jambo ambalo Binet alikuwa amelikataa.