Adrian Atiman

Adrian Atiman (1866 hivi – Karema, 24 Aprili 1956) alikuwa katekista na tabibu Mkatoliki nchini Tanganyika.

Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani, hatimaye akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria. Kardinali Charles Lavigerie alimpeleka Malta kusomea utabibu: alitaka walei Waafrika watakaooa na kuishi na wananchi huku wakiwatibu.

Mwaka 1888 Atiman alianza safari, akavuka uwanda wa kati kwa miguu, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Huko alitibu wagonjwa na kufundisha dini kwa miaka 67, muda ambao wamisionari wachache waliufikia.

Alimwoa Agnes Wansabira. Mtoto wao Joseph alipata upadri.

Hospitali ya Dkt. Atiman mjini Sumbawanga ina jina lake.