Joseph Whitworth, Fundi Aliyeupima Mtutu

Rafiki yangu mmoja, fundi wa magari hapa Mombasa, ana spana kuukuu zilizogongwa herufi W. Nilipomwuliza maana yake alicheka, akasema alizirithi hivyo. Mimi swali halikunitoka, nikaenda kutafuta. Kumbe W hiyo ni ya Joseph Whitworth, Mwingereza aliyekufa zamani, na kumbe parafujo hazikuwa kazi yake pekee. Aliushughulikia pia mtutu wa bunduki, na habari hiyo ndiyo iliyonikalisha macho usiku.

Whitworth alizaliwa Stockport tarehe 21 Desemba, 1803. Alijifunza kazi London kwa Henry Maudslay, na mwaka 1833 akafungua karakana yake Manchester. Siku hizo kila kiwanda kilikuwa na parafujo zake, nati ya huku haikubali bolti ya kule. Mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja kwa wote, nacho kikaenea.

Vilipozuka Vita vya Krimea, serikali ilimtaka aunde mashine za kutengenezea bunduki kwa wingi. Hakukimbilia kazi. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Alitaka kwanza kujua kwa nini bunduki hii hupiga sawa na ile hukosa. Basi nyumbani kwake Manchester kukajengwa banda la yadi 500, ndani mkatundikwa karatasi nyepesi moja nyuma ya nyingine, ili kila risasi iache alama ya njia yake.

Ama siri aliyoipata ni hii. Bunduki ya jeshi, Enfield, ilikuwa na tundu la inchi 0.577, na mifuo ya ndani ilizunguka mara moja tu katika inchi 78. Whitworth hakuipunguza risasi uzito, ilibaki kama gramu 34. Lakini tundu alilibana hadi inchi 0.451, hivyo risasi ikawa nyembamba na ndefu. Risasi ya namna hiyo hukata upepo vizuri, ila isipozungushwa kwa kasi hupinduka njiani, mfano wa pia ya watoto inapochoka. Kwa hiyo mtutu wake aliufanya wa pembe sita, ukizunguka mara moja katika kila inchi 20. Risasi ndiyo iliyoamua mtutu uweje.

Mwaka 1857 bunduki hizo mbili zilishindanishwa. Kwa yadi 1,100, risasi za Whitworth zilitawanyika kwa wastani wa futi 2.62, na za Enfield futi 8.04. Kwa yadi 1,400 Enfield haikugusa shabaha kabisa.

Hata hivyo jeshi liliikataa. Wakubwa walisema tundu ni dogo mno, masizi ya baruti huliziba upesi, na bei ni kubwa. Tarehe 2 Julai, 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano ya Wimbledon kwa bunduki hiyo hiyo, ikiwa imefungwa juu ya kigingi, akapiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha kwa yadi 400. Mwaka 1871 jeshi likachukua Martini-Henry, yenye tundu la inchi 0.45, karibu sawa na lile lililoitwa dogo mno.

Walioithamini mapema ni wadunguzi wa majimbo ya Kusini ya Marekani katika vita vya 1861 hadi 1865. Inaaminika kuwa ndiyo iliyomwua Jenerali John Sedgwick huko Spotsylvania mwaka 1864, akiwa amewacheka askari wake kwa kuinama, akidhani adui yu mbali mno kumpata. Hapo ndipo nilipohuzunika. Watu wa Kusini walipigania kubakisha utumwa, na mtutu uliopimwa kwa uangalifu wote ule uliwatii sawasawa. Chombo kizuri hakimwulizi mwenye kukishika nia yake.

Whitworth alipewa cheo cha ubaroneti mwaka 1869, na mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa mali yake kuwasomesha vijana wa ufundi. Alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari, 1887.

Nilirudi kumsimulia rafiki yangu. Alisikiliza hadi mwisho, akaigeuzageuza spana mkononi, kisha akainama kuendelea kufungua bolti ya lori. Nami nikaona heri W hii kuliko ile nyingine.